Miduara ya Kambi ya Tatu

1

Mgeni mmoja mrefu mwenye ndevu za kahawia aligoma kuvua soksi. Viatu alivua, kofia alivua, hata mfuko wa kamera aliukung'uta mwenyewe bila kuambiwa, lakini soksi akasema ni faragha yake. Nikamwambia kwa upole wangu wote, ambao si mwingi, kwamba kwa miaka kumi na tisa nimeshika soksi za watu wa kila taifa na hakuna hata moja iliyonifanya nimtamani mwenye nayo. Wenzake wakacheka. Akavua.

Nikaziweka kwenye sinia la Shangazi. Mashine ikavuma kidogo, taa ikageuka njano. Kwenye mshono wa kisigino mlikuwa na mbegu mbili za nyasi, na baada ya dakika nne kioo kikaandika kwamba mama wa mbegu hizo yumo kwenye uwanja wa mpira wa shule moja huko ng'ambo, upande wa goli la kaskazini. Mgeni akasoma. Mtoto wake anacheza pale, akasema. Kila Jumamosi yeye husimama nyuma ya lile goli.

Jina la Shangazi kwenye karatasi za serikali ni refu na halikai mdomoni. Sisi wa Lango la Isuba tulimwita hivyo kwa sababu kazi yake ni ya mashangazi wote: kujua nani kazaliwa na nani, wapi, na nani alimpitisha. Unampa mbegu ndogo kuliko punje ya chumvi, anasoma vinasaba vyake, anavilinganisha na koo zote za mimea alizowahi kuandikiwa, kisha anakutajia mama. Si nchi tu, anataja mpaka shamba. Ukimpa mbegu ya shamba ambalo halijaandikwa, anakutajia jirani.

Alinunuliwa miaka ile baridi ilipohama ikapanda juu, na magugu yakaifuata. Zamani mlima wetu wa Nkwesu ulijilinda wenyewe, maana mmea wa bondeni ukifika juu ulikufa kwa umande wa asubuhi ya kwanza. Siku hizi hafi mtu wala jani. Wageni nao wameongezeka, kwa sababu maua ya uwandani kule juu hayapo tena kwingine, na kitu kikibaki kimoja kila mtu anataka kupiga nacho picha. Ndipo ikaja Sheria ya Kiatu. Gugu geni likiota hifadhini, kundi lililolipitisha linaondolewa mlimani miaka kumi na miwili. Lote. Hakuna kusema mimi sikujua.

Wageni walipomaliza kufunga kamba za viatu, wapagazi wao wakapita. Walikuwa kumi na wanne, mizigo kichwani, ngata za nyasi chini ya mizigo, shingo zimenyooka. Shangazi aliwanusa miguu na mapaja, akawasha kijani, wakapita bila kusimama. Mizigo yenyewe ilishakaguliwa ghalani tangu asubuhi.

Hilo la kutosimama nililiomba mimi. Mwanzoni Shangazi alikuwa na mkono wa juu unaonusa mtu mpaka utosini, na kila mpagazi alilazimika kutua mzigo, kunuswa, kisha kujitwisha upya. Wazee walikuwa wakiumia viuno palepale langoni, safari haijaanza. Baba yangu alikuwa mpagazi, naijua shingo ya mpagazi jioni. Nikaandika barua, nikaifuatilia mwaka mzima, mpaka mkono wa juu ukafungwa kwa ajili yao. Wapagazi walinichinjia mbuzi. Sijawahi kujisifia kitu maishani kama barua ile, na nilijisifia kwa kila aliyekubali kusikiliza.

Nilikuwa bado namtazama wa mwisho akipotea kwenye kona, redio ikaniita. Mhifadhi Mkuu ananitaka ofisini, na nije peke yangu.

2

Mhifadhi Mkuu Mdegela ni mtu mwema anayechukia kelele. Nilipoingia alikuwa ameweka mfuko wa nailoni mezani, na ndani yake mlikuwa na majani yaliyonyauka. Sikuhitaji kuufungua. Majani yaliyokatikakatika kama ya karoti, vichwa vidogo vyeupe vya maua.

"Wapi?" nikauliza.

"Kambi ya Tatu. Askari wa doria kayaona juzi. Keti kwanza, Bi Subilaga."

Nikaketi. Gugu karoti ndilo lililomaliza malisho ya bonde letu. Mbuzi wakilila wanatoa maziwa machungu, na mtu akilishika mara nyingi ngozi inamwasha mpaka anajikuna damu. Shina moja humwaga mbegu elfu kumi na zaidi, na linapoota halimruhusu jirani kuota. Lilifika mashamba ya Isuba misimu miwili iliyopita. Lakini uwandani, kule juu, penye maua yale?

"Umeshampa Shangazi?"

"Wamempa. Kasema bonde la chini, kusini mwa mlima. Asilimia sitini na moja."

"Sitini na moja si kitu, mkuu. Mimi natia sahihi kuanzia tisini."

"Askari alichuma majani ya mashina mengi akayachanganya mfuko mmoja. Mashine imechanganyikiwa." Akasogeza karatasi. "Miezi mitatu iliyopita walilala pale watazama ndege walioongozwa na Eliudi Sanga. Kabla ya kupanda walikaa siku tatu bondeni, kwenye matope ya mto. Umri wa gugu unalingana, njia yao inalingana. Tume ya Sheria ya Kiatu inakuja Ijumaa, na inataka jina."

"Inataka jina au inataka aliyefanya?"

Mdegela akavua miwani akaifuta na tai yake. "Kampuni ya hoteli imewaalika wajumbe waje kuona punda-chuma wanne. Mashine za miguu minne zinazobeba mizigo. Wanasema binadamu hasafishiki, punda-chuma anamwagiwa maji ya moto na kwisha. Nikiwaambia tume kwamba sijui gugu limepitaje, watafunga mlima kwa kila mwenye miguu miwili. Nikiwapa kundi moja, mambo yanaishia hapo. Watazama ndege wenyewe walishaondoka, hawatarudi."

"Eliudi hajaondoka."

"Hapana," akasema polepole. "Eliudi hajaondoka."

Nikamwomba siku tatu nipande mwenyewe. Akanipa, bila hamu.

Eliudi nilimkuta langoni akinisubiri, habari zilishamfikia. Ni kijana wa Kikinga mwenye miaka thelathini na ushee, mwembamba, anayejua kuigiza sauti ya kila ndege wa mlima huu mpaka ndege wenyewe wanamjibu kwa hasira. Siku hiyo hakuwa na sauti ya ndege yeyote.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Mama, soksi zao nilizipiga brashi mwenyewe. Mimi. Kwa mkono wangu, moja moja. Wewe uliniona."

Ni kweli nilimwona. Nilimtania siku ile kwamba akikosa ndege atafute kazi ya udobi.

"Miaka kumi na miwili," akasema. "Nitafanya nini mimi chini huku? Mimi sijui kitu kingine."

Nikamwambia sijatia sahihi. Lilikuwa jambo dogo kumwambia, na nililiona usoni kwake kwamba ni dogo.

3

Nilipanda Jumanne na kundi dogo la wageni, mdogo wangu Gwakisa akiwa kiongozi wa wapagazi. Yeye ni mtu wa maneno machache, mimi nimeyachukua yote ya familia. Nilibeba mkobani mtoto wa Shangazi, ile mashine ndogo ya mkononi tunayotumia njiani, na kila baada ya mwendo fulani niliinama kutazama kingo za njia.

Kwenye msitu mnene sikuona kitu, na sikutegemea kuona. Gugu karoti halipendi kivuli. Mbegu zake zinaweza kudondoka kwa maelfu chini ya miti iliyofungamana na zikalala humo mpaka zioze. Linachotaka ni jua na udongo uliovurugwa: penye mti ulioangushwa ili wageni waone mandhari, penye kona ambayo kila mtu anaikata kufupisha njia, penye kambi. Mguu ukishaondoa majani ya wenyeji, mgeni anapata mahali pa kukaa. Ndiyo maana tunawasihi watu wasitoke njiani, na ndiyo maana wanatoka, kwa kuwa ua zuri huwa limeota hatua tatu pembeni.

Nilikuta vijigugu viwili vitatu vya kawaida, ambavyo vimekuwepo tangu utoto wangu. Gugu karoti hakuna. Si Kambi ya Kwanza, si ya Pili. Hilo likanitatiza, maana mbegu iliyokuja kwenye soksi hudondoka njia nzima, haichagui kituo.

Kambi ya Tatu tuliifikia Jumatano saa nane mchana. Ni mahali pa wazi penye upepo, msitu umeishia chini na uwanda wa maua unaanzia pale, wa manjano na zambarau mpaka macho yachoke. Nilizunguka kwanza mahema ya wageni. Hakuna kitu. Nikazunguka vyoo, nikazunguka pale wapishi wanapomwaga maji ya vyombo. Hakuna. Nikaenda nyuma ya lile jiwe kubwa ambako wapagazi hupumzika, nikasimama.

Gugu lilikuwa limeota kwa miduara.

Sisemi lilikuwa limeota hovyo ukadhani ni miduara. Ilikuwa miduara kamili, yenye tupu katikati, upana wa kiganja na nusu, mmoja hapa, mwingine pale, miwili imegusana. Niliihesabu mpaka ishirini na saba nikaacha. Baadhi ilikuwa bado ya kijani kichanga, baadhi imeshachanua. Nilipiga magoti nikaweka kiganja changu katikati ya mmoja, nikajiuliza ni mashine gani ya wageni yenye tairi la ukubwa huu. Vigoda vya kukunja? Miguu ya kamera? Nilikuwa bado naulaumu mzigo wa wazungu, Mungu anisamehe.

Nikasikia hatua. Gwakisa alikuja nyuma ya jiwe, akautua mzigo wake juu ya mwamba, akapumua. Kisha akaivua ngata kichwani kwa mikono miwili, akaiweka chini taratibu, ardhini, penye udongo mtupu, akaigusa kwa kidole.

"Baki hapa, uzito," akasema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeaga.

Wote hufanya hivyo. Baba alifanya hivyo, na babu, tangu watalii wa kwanza. Ngata iliyobeba mzigo mpaka juu hairudi nyumbani, maana ukirudi nayo unarudi na uzito wake, unaupeleka kwa watoto. Inaachwa nyuma ya jiwe, na mvua inaila. Kushuka wanatumia kipande cha kanga. Na kila safari mwanamke wa nyumbani anasokota mpya, mke au mama au dada, kwa nyasi kavu za mpakani mwa shamba, kwa sababu mpakani halimi mtu na nyasi ni ndefu.

Miaka mia ngata hizo hazikudhuru kitu. Lakini misimu miwili sasa, mpakani kwetu mnaota nini?

Niliitazama ngata ile. Nilijua kila msokoto wake. Gwakisa hajaoa tena tangu mkewe afariki, na mimi ndiye ninayemsokotea. Nilikuwa nimeisokota Jumapili, nimekaa barazani, nikipiga soga na jirani.

Aliporudi kuwasaidia wengine, niliifumua kidogo. Mbegu zilikuwemo, nyeusi, bapa, nyingi. Nikampa mtoto wa Shangazi moja, kisha nikachuma jani changa kutoka kwenye mduara wa karibu nikampa hilo pia. Dakika nne ni ndefu sana ukiwa umepiga magoti. Mbegu ya ngata: Isuba, mpaka wa mashariki wa shamba la Subilaga Mwakatobe, asilimia tisini na tisa. Jani la mduara: mama yuleyule.

Nasema wazi, sikuwaza mlima kwanza, wala Eliudi. Niliwaza kwamba hakuna aliyeniona.

"Vipi, dada?" Gwakisa alikuwa amesimama nyuma yangu. "Miguu?"

"Miguu," nikamjibu.

Akanipa mkono, akaniinua.

4

Wapagazi wa Nkwesu walikuwa mia moja arobaini na watatu. Ninawajua kwa majina, na wengi ninawajua kwa majina ya mama zao. Nikisema kweli, kundi lililopitisha ni wao, na sheria haina masikio: miaka kumi na miwili. Wangerudi wakiwa wazee, na punda-chuma wangekuwa wameshaijua njia. Nikinyamaza, anaondoka Eliudi peke yake. Mtu mmoja kwa mia moja arobaini na watatu. Ukiipiga hesabu hiyo ukiwa unashuka mlima, inakubali vizuri sana.

Ningeweza kung'oa miduara yote kimya kimya. Ningeweza kumwambia Gwakisa, na wapagazi wangekuja na majembe wakaifuta kwa siku moja, na wasingeacha ngata tena. Mlima ungepona. Hilo ndilo lililonitesa, kwamba mlima ungepona na uongo wangu. Asingepona Eliudi tu. Nilimwona tena anavyosema sijui kitu kingine, na nikajikuta nimekasirika naye, kwa nini awe peke yake, kwa nini asiwe na kundi kubwa la kuhurumiwa.

Tena nikajiuliza: kichwa cha mpagazi kilipita bila kunuswa kwa sahihi ya nani?

Ijumaa asubuhi tume iliketi ukumbini, watu watano. Mwenyekiti alikuwa mama wa makamo, Daktari Kokugonza, mwenye sauti ya kuchoka na macho yasiyochoka. Mdegela alinisukumia karatasi ya Eliudi na kalamu. Nikairudisha.

Nikawaeleza yote. Miduara, jiwe, ngata, baki hapa uzito. Nikaweka mezani vipimo vyote viwili, na jina langu limeandikwa pale kwa herufi kubwa. Nilikuwa nimetaka Gwakisa awepo, akasimama nyuma karibu na mlango, kofia mkononi, na sikuthubutu kugeuka.

Daktari Kokugonza alisoma vipimo mara mbili. "Kwa hiyo kundi ni wapagazi."

"Sheria ina kifungu cha tisa," nikasema. "Afisa anayeruhusu kitu kupita bila kukaguliwa anahesabiwa ndiye aliyekipitisha. Wapagazi hawakuficha ngata. Walizivaa kichwani mchana kweupe, wakapita mbele yangu. Mimi ndiye niliyeomba vichwa visinuswe. Barua iko kwenye faili, sahihi yangu iko chini yake."

"Kifungu hicho hakijawahi kutumika."

"Basi kitumike."

Mdegela akanong'ona, "Subilaga, unajua unachoomba?"

"Ninajua, mkuu. Miaka kumi na miwili. Nina hamsini na tatu."

Mjumbe mmoja aliyevaa fulana ya kampuni ya hoteli akasema hiyo ni janja ya kuwalinda ndugu. Nikamwambia ni kweli ninawalinda ndugu, sikuja hapa kujifanya sina ndugu. Lakini nilichosema kuhusu barua ni kweli, na kuhusu Eliudi ni kweli, na ukweli wangu hauharibiki kwa sababu nawapenda watu. Sauti ilinikatika hapo katikati. Nilichukia.

Mwenyekiti akatazama nyuma yangu. "Wewe ndiye kiongozi wa wapagazi?"

"Ndiyo," Gwakisa akajibu.

"Nikikubali kifungu cha tisa, wapagazi wanabaki kwa majaribio, msimu mmoja. Mtang'oa gugu lote kwa mikono mpaka Kambi ya Tatu iwe safi. Mtatua mizigo langoni na kunuswa vichwa. Na hakuna ngata ya nyasi itakayoachwa kule tena. Hata moja. Unaweza kuwasemea wote?"

Gwakisa aliizungusha kofia mkononi mpaka mjumbe wa fulana akaangalia saa.

"Ngata ya mwisho ya baba yetu iko pale," akasema. "Nyuma ya lile jiwe. Niliiweka mimi, kwa sababu yeye hakuweza kuinama tena."

Mwenyekiti akaweka kalamu chini.

"Tutaacha," akasema. "Nawasemea wote."

Daktari Kokugonza akaandika. Kalamu yake ilikuwa ikikwaruza karatasi, na nikajua kila mkwaruzo ni wangu.

5

Tangazo lilibandikwa langoni Jumamosi. Eliudi Sanga hana hatia. Wapagazi, majaribio. Subilaga Mwakatobe, marufuku kuvuka mstari mweupe wa Lango la Isuba kwa miaka kumi na miwili kuanzia leo. Nilikuja kuchukua birika langu na sweta, vitu ambavyo Mdegela aliniletea mwenyewe mpaka nje, na hakujua aweke wapi macho.

Gwakisa alinikuta kwenye benchi la wageni.

"Ungeniambia kwanza," akasema. Alikuwa hajanisemesha tangu ukumbini, na usiku huo mmoja aliupitisha kwa rafiki yake.

"Ningekuambia, ungeyang'oa."

Akafikiri. Mdogo wangu hasemi uongo hata pale unapomfaa. "Ndiyo. Ningeyang'oa."

"Na Eliudi?"

"Ningemwonea huruma," akasema. "Ila ningeyang'oa." Akakaa kando yangu. Bado alikuwa na hasira, niliisikia kwenye pumzi yake, lakini alikaa. "Watu wanakulaumu. Wengine wanakushukuru. Wengine ndio walewale."

"Na wewe?"

"Mimi sina dada mwingine," akasema, akainuka kwenda kupanga watu wake.

Mkono wa juu wa Shangazi ulikuwa umefunguliwa asubuhi ile, kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita. Wapagazi walijipanga mmoja mmoja, kila mmoja na kanga iliyosokotwa kichwani. Walitua mizigo. Wakainamisha vichwa, mashine ikawanusa utosini, wakasubiri kijani, kisha wakajitwisha upya. Nilitazama kazi yangu yote ya mwaka ule wa barua ikifumuliwa, mgongo baada ya mgongo. Hakuna aliyenung'unika. Afadhali wangenung'unika.

Mzee Mwaijande alikuwa wa saba. Ana miaka sitini na mitatu na goti bovu, na hataki kuambiwa apumzike. Aliutua mzigo upande wa pili wa mstari, akanuswa, akapewa kijani, akainama kuuinua. Ukafika magotini ukarudi chini. Akainama tena. Wenzake walikuwa wameshatangulia na mizigo kichwani, na walio nyuma hawakuruhusiwa kuvuka mpaka yeye aondoke.

Mimi nilikuwa wa karibu zaidi. Sikufikiri, miguu ilikwenda yenyewe. Nilipofika kwenye mstari mweupe, Shangazi akawasha nyekundu, na sauti yake ya kike isiyo na haraka, ambayo nilikuwa nimeizoea kwa miaka kumi na tisa, ikasema jina langu lote, la kwangu na la baba, ikaniomba nirudi nyuma. Ikarudia. Mzee Mwaijande alinitazama akiwa ameinama, mikono kwenye mzigo.

"Acha, mwanangu," akasema. "Nitauweza."

Hakuuweza. Nilisimama pale mikono imenyooshwa mbele, hatua mbili tu kutoka kwake, machozi yananitoka mbele ya wageni na sikujali, mpaka Eliudi akashuka mbio kutoka kwenye kona ya juu, akaushika mzigo upande wa pili. Wakauinua pamoja. Mzee akasawazisha shingo, akaenda.

Eliudi akabaki akinitazama. Nadhani alitaka kunishukuru na hakujua aanzie wapi.

"Nenda," nikamwambia. "Goti lake la kushoto ndilo bovu. Kaa upande huo."

Akaenda akakaa upande huo.